Kifaru Alichokiona Guku Malimi

Ashukuriwe Mungu Baba, mpaji wa pumzi na wa kumbukumbu, aliyenijalia miaka ya kutosha kuyaona mambo mara mbili: kwanza kwa macho ya mtoto, kisha kwa moyo wa mtu mzima. Kwa neema yake nawasimulieni, ndugu zangu.

Juzi nilikuwa Bariadi mjini. Umeme ulikatika, jenereta ikawashwa nje ya duka, na moshi wake wa dizeli ukachanganyika na vumbi la pamba kutoka kwenye lori lililokuwa limeegeshwa jirani. Nikasimama palepale. Kijana mmoja akadhani mama mzee ameishiwa nguvu, akaniletea kiti. Nilikaa nikamshukuru, lakini akili yangu haikuwa pale. Ilikuwa kijijini kwetu Ngulyati, ndani ya ghala la pamba la ushirika, nami nimeshika mkono wa babu yangu.

Sisi Wasukuma babu tunamwita guku. Guku wangu, Malimi, alikuwa mrefu na mwembamba kama mpini wa jembe, na macho yake yalikuwa yameshaingiwa na ukungu wa uzee. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwongoza njiani. Kwa utani wetu wa babu na mjukuu aliniita mke wangu.

"Kabula, mke wangu, nipeleke kanisani."

"Mume gani huyu hana hata jino la kutafunia karanga?"

"Utanitafunia wewe. Twende!"

Katika ujana wake, wakati wa Vita Kuu ya Pili, Waingereza walimchukua katika kikosi cha vibarua wa jeshi. Hakushika bunduki. Alichimba mitaro na kubeba mizigo, Misri, Libya, mpaka Tunisia. Kati ya yote aliyoyaona huko, alisimulia jambo moja tu: kifaru cha vita cha Wajerumani. Chuma cha kifuani, alisema, kilikuwa na unene sawa na upana wa kiganja cha mtu mzima. Mvua za Tunisia zilikuwa zimefanya tope kama la mbuga zetu nyeusi, na kifaru kile kilikuwa kimekufa humo. Matrekta ya jeshi yalikivuta yakashindwa. "Ungefunga ng'ombe wote wa Ngulyati, nira mbele ya nira," alisema, "wangevunjika shingo kabla hakijasogea."

Watoto tulishangaa. Watu wazima walicheka. Na kicheko hicho hakikuwa na ubaya wowote, mpaka mwaka ule alipopendekezwa kuwa mzee wa kanisa.

Baba Nkwimba, aliyekuwa mzee wa kanisa tayari, alisimama kwenye kikao. Alikuwa amepigana vita vya Uganda, na hakuwa mtu wa fitina. "Nampenda mzee Malimi," alisema. "Lakini nimetembea nyuma ya vifaru mimi, nimelala chini yake. Hakuna kifaru cha namna ile. Mtu anayeongeza chumvi namna hii, tutamwekeaje mikono awe shahidi wa kweli?"

Mchungaji alimwita Guku, akamsihi kwa upole aseme tu kwamba ni hadithi za kufurahisha watoto, mambo yaishe.

"Mchungaji," Guku alijibu, "siku nitakayosema sikukiona, ndiyo siku nitakuwa mwongo."

Basi jina lake likawekwa pembeni. Nyumbani hakulalamika, ila aliacha kusimulia. Nyanya alisema nyumba imekuwa kimya kama zizi lililouzwa ng'ombe.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameanza kuingia vijijini na malori yao, ushirika ukayumba, na ghala lake likabaki tupu. Kijana mmoja kutoka Mwanza akalipanga, akaleta televisheni, deki na jenereta. Kanisani tulikuwa tumeshaonywa kwamba mle ndani ni njia ya upotevu. Lakini siku moja aliandika kwa chaki kwenye ubao wake: LEO VITA KUU, VIFARU VYA WAJERUMANI, PICHA ZA KWELI.

Ubao ule uliwatesa wazee wa kanisa. Ushahidi ulikuwa umeletwa na Mungu mwenyewe, lakini ameuweka katika nyumba ya dhambi! Walijadiliana mpaka mchungaji akakata shauri: wataingia mchana kweupe, wataangalia kifaru tu, kisha watatoka. Guku akaitwa, nami nikamwongoza. Mlangoni waliomba. Kijana wa video naye aliinamisha kichwa na kuvua kofia, na baada ya amina akang'oa ukutani picha ya mcheza karate bila kuambiwa.

Kabla mashine haijawashwa, Baba Nkwimba alisema, "Guku, kwa heshima yako, tuambie kwanza tuangalie nini. Usije ukasema kila kitakachopita ndicho chenyewe."

"Haki yako," Guku alisema. "Mbele kimenyooka kama ukuta wa sanduku, hakina mteremko. Mdomo wa mzinga una kirungu. Na magurudumu yake hayafuatani. Yamepandana, moja limefunika nusu ya lenzake, kama magamba ya samaki. Kabula atakuwa macho yangu."

Jenereta ilinguruma, vumbi la pamba likacheza kwenye mwanga wa kioo. Vilipita vifaru vidogo, vingi, Baba Nkwimba akavitambua kwa kunong'ona. Kisha picha ikatikisika, na miti ikaanza kuanguka upande mmoja wa kioo kabla hatujaona kinachoiangusha.

Kikatoka.

Ndugu zangu, nimeona milima baadaye, na ziwa siku ya dhoruba, lakini sikumbuki tena kupungukiwa pumzi namna ile. Askari waliotembea kando yake walionekana kama vifaranga kando ya ng'ombe.

"Mbele?" Guku aliuliza.

"Ukuta, Guku."

"Mzinga?"

"Una kirungu."

"Magurudumu?"

Nilitaka kujibu, lakini Baba Nkwimba alinitangulia. "Yamepandana," alisema kwa sauti ndogo. "Bwana wangu, yamepandana. Guku, hicho hata mimi ningekikimbia, na bunduki ningekiachia."

Wazee wakacheka, mchungaji akamshika Guku bega. Nilidhani yameisha. Lakini picha iliendelea, na sasa kifaru cha aina ileile kilikuwa kimesimama, moshi mweusi ukitoka.

"Guku, kinaungua. Kuna mtu anatoka juu, kwenye kifuniko."

Mkono wake ulibana wangu. "Ametoka?"

"Ametoka. Ameruka."

"Na mwingine?"

"Hakuna mwingine."

"Angalia vizuri, mke wangu. Ni watano mle. Mwingine hajatoka?"

Niliangalia mpaka picha ikabadilika. "Hapana, Guku."

Akasimama, akanigeuza tukatoka nje kwenye jua, na hakungoja pongezi za mtu.

Nilipokuwa mwalimu wa shule ya msingi nilisoma habari za vifaru vile. Wajerumani walikutana na vifaru vya Warusi vilivyo bora kuliko vyao, wakaharakisha kuunda kilicho kizito zaidi, karibu tani sitini, wakakipa mzinga uliotokana na ule wa kutungulia ndege. Risasi nyingi ziligonga kifua chake zikaruka. Lakini madaraja hayakukibeba, giaboksi ilichoka, na tope lilipoganda kwa baridi kati ya magurudumu yaliyopandana, hakikwenda popote. Hata hivyo waliunda kizito kuliko hicho, na mwishoni kimoja cha karibu tani mia na tisini, ambacho hakikuwahi kupigana. Nilisoma nikiistaajabia akili aliyojaliwa mwanadamu, na nikiogopa alichoitumia kufanya.

Guku aliwekewa mikono Jumapili iliyofuata. Alipoombwa kusali kwa mara ya kwanza kama mzee wa kanisa, aliwaombea akina mama wa Ujerumani ambao watoto wao hawakurudi. Watu wakafungua macho na kutazamana. Mjerumani, kwa wazee wa kwetu, alikuwa ni kiboko kilichowachapa baba zao enzi za ukoloni. Mimi mwenyewe niliona haya kidogo.

Miaka mingi ikapita, na alipokuwa mgonjwa ndipo aliponiambia. Kabla hakijafungwa minyororo ya kuvutwa, kifaru kile cha Tunisia kilitakiwa kusafishwa ndani. Tundu la kifuniko lilikuwa jembamba, wakachagua kibarua mwembamba kuliko wote. Alishuka akawatoa askari waliofia mle, mmoja mmoja, akiwakumbatia kifuani kwa sababu hapakuwa na namna nyingine ya kuwapitisha. Wa mwisho alikuwa na ndevu chache za kijana anayeanza kunyoa.

Miaka yote ile alitusimulia unene wa chuma. Tulipomcheka, tulidhani anakuza mambo. Kumbe alikuwa ametupa kipande kidogo tu, kile tulichoweza kukibeba.

Wewe unayesoma, Bwana akulinde utokapo na uingiapo, awarudishe salama wote unaowangojea mlangoni, na akupe mtu wa kukusikiliza siku utakapokuwa tayari kusema. Amina.