Matofali ya Makapi ya Mama Numbi

Numbi alipofika Kalemie akitokea Nyunzu, vita vilikuwa vimemnyang'anya mume na nyumba. Alipochoka kufukuzwa kwenye vyumba vya kupanga, aliamua kujijengea mwenyewe karibu na mto Lukuga. Kuni za kuchomea matofali hakuwa nazo. Akazoa makapi ya mpunga yaliyotupwa nyuma ya mashine ya kukobolea, mengine akayachoma yakawa majivu, akachanganya yote na udongo, akakanyaga, akafyatua na kuanika.

Jirani yake, Papy, alikuwa mchoma matofali, na hakupenda kuona watu wakisimama kwa Numbi kuulizauliza.

"Mama, ile ni nyumba ao chakula ya mbuzi?" alimpigia kelele, wenzake wakacheka.

"Kama uko na njaa, kuja ukule," Numbi akajibu bila kuinua uso.

Papy akaeneza maneno kwamba kuta za makapi zitayeyuka na kuwafukia watoto. Watu waliendelea kuuliza. Basi mchana mmoja akaja na wenzake na ndoo za maji, wakayamwagia matofali. Yaliyokauka yalistahimili, yaliyofyatuliwa asubuhi ile yakawa tope. Numbi akanyakua mpini wa jembe, akampiga Papy begani.

Shefu, kiongozi wa mtaa, aliwasikiliza wote wawili, kisha akamwambia Numbi, "Weye ni mugeni hapa. Hama."

Akahamia mlimani, akaanza upya peke yake, akikanyaga udongo kwa hasira. Alijenga vyumba viwili juu ya msingi wa mawe. Masika yakaja, kuta hazikutikisika. Waliomcheka wakaanza kumsalimu, hakuwaitikia.

Baadaye miti ya karibu ikaisha, tanuru la Papy likapoa. Akapanda mlima.

"Mama Numbi, tusahau ile maneno. Unionyeshe namna unachanganya."

"Nani alikuambia mimi nimesahau? Toka kwangu!"

Kesho yake akaja Hélène, mke wa Papy, macho yamemvimba kwa kulia. Akasema watoto hawakuwa wamekula. Numbi akamwonyesha shimo la tope.

"Weye nitakufundisha," akasema. "Lakini bwana yako asikanyage hapa. Hata siku moja."

Hélène akavua viatu, akaingia kwenye tope. Walikanyaga bega kwa bega, Numbi akimwonyesha kiasi cha makapi.