Swali la Mshindi

Mimi si mtu wa subira, na maktaba ya shule yetu kule Masaki ilinimalizia hata ile kidogo niliyokuwa nayo. Wanafunzi wangu wa kidato cha pili walikuwa wakiingia, wanashika kitabu chochote kilicho karibu, wananakili ukurasa mzima na kuuita utafiti. Nikachoka kufoka, nikawabunia mchezo. Linatolewa swali, makundi yanakimbilia shelfu, na jibu halikubaliki mpaka lionekane katika vitabu viwili. Anayeshinda ndiye anayetunga swali la wiki inayofuata.

Binti mmoja mkimya aliwasumbua sana wenzake. Yeye alianzia kwenye faharasa, wao wakiwa bado wanapekua kurasa mojamoja. Wakati huo mama yake alikuwa amelazwa hospitali huko Kibaha, na shangazi yake aliyetoka Pangani ndiye aliyekuwa akimuuguza. Kwetu mtoto haambiwi ugonjwa wa mzazi wake. Kila akipiga simu aliambiwa mama anaendelea vizuri, yeye asome tu.

"Mwalimu, wote wananipiga chenga," aliniambia siku moja kwa hasira. "Nataka kujua kama mama atarudi nyumbani."

Nami nikampiga chenga yangu. "Mwombee, mwanangu."

Wiki iliyofuata zamu ya kutunga swali ilikuwa yake, maana alikuwa ameshinda tena. Akaandika ubaoni: Saratani ya ini ikishasambaa mwilini, mgonjwa hupona?

Ulikuwa ndio ugonjwa wa mama yake. Bila shaka alikuwa amelidaka jina la ugonjwa kwenye mazungumzo ya wakubwa. Niliinuka nikafute, lakini darasa lilikuwa limeshatimka. Walisukumana wakicheka kama siku zote, hawajui wanatafuta nini. Mvulana mmoja akapanda juu ya kiti na kusoma kwa madaha, kama mtangazaji wa mpira: "Kwa kawaida haponi. Matibabu humpunguzia maumivu tu."

Kundi lake likagonga meza kwa furaha.

"Bado kimoja," wengine wakadai.

Kitabu cha pili kilipatikana upande wa dirishani, nacho kikasema vilevile. Wakapiga makofi. Niliwachukia wote kwa dakika ile, watoto wa watu wasio na kosa lolote, lakini sikuwanyamazisha. Binti alikuwa bado amesimama ubaoni, chaki mkononi.

"Mwalimu," akasema taratibu, "leo tunaweza kuongeza kitabu cha tatu?"

Vitabu vile nilivipanga mwenyewe. Vya afya vilikuwa hivyo viwili tu.

"Tunaweza," nikamjibu. Nikapiga magoti mbele ya shelfu la chini, la vitabu vya jiografia, nikaanza kutafuta.