Kichwa Kilicholala Kushoto

"Kwa nini unalaza kichwa?" Darasani kwetu Usoke niliulizwa hivyo kila siku. Mpaka leo harufu ya tumbaku ikinipitia, najikuta nimenyoosha shingo, kama vile mwalimu wa hesabu yuko nyuma yangu.

Nilikuwa darasa la sita. Ubaoni namba moja ilikuwa na kivuli chake, nne na tisa sizitofautishi. Nikilaza kichwa kushoto, tarakimu zinatulia. Balaa ni kwamba kushoto kwangu alikaa Salma, bingwa wa hesabu. Mtihani wa mwisho wa mwaka mwalimu akaufuta, akasema nimechungulia. Akamwita mama; bila maelezo ya maana ningekariri darasa.

Mama alikuja mikono ikinuka tumbaku.

"Shikamoo, mama. Huyu binti ana macho mabovu au tabia mbovu?"

"Marahaba, mwalimu. Macho? Huyu?" Mama akacheka. "Nyumbani ndiye anayetupangia madaraja ya tumbaku. Jani likibadilika rangi kidogo tu, kalitupa pembeni. Macho anayo."

Nilitamani kumziba mdomo. Rangi ya jani na mstari wa chaki vinahusiana nini? Hakuna aliyejiuliza.

Mwalimu akasogea hadi mlangoni, akainua vidole. "Vingapi?"

Nikalaza kichwa. "Vitatu."

"Umemsikia, mama. Macho ni mazima."

"Nimemsikia." Njiani mama akaniambia: "Na hiyo shingo uinyooshe. Unanitia aibu."

Nikakariri darasa la sita, shingo imenyooka, ubao siuoni.

Nilikuwa nimeshaingia chuo kikuu nilipokwenda kwa daktari wa macho, Tabora mjini. Alinionyesha mchoro wa mistari iliyotawanyika kama njiti za gurudumu la baiskeli.

"Hii iliyosimama mbona imefifia? Wino uliwaishia?"

"Yote ina wino sawa, dada," akasema. "Wewe una astigmatizimu."

Nikambana kwa maswali mpaka akaweka kalamu chini. Sehemu ya mbele ya jicho langu, akaeleza, imepinda zaidi upande mmoja kuliko mwingine, kama mgongo wa kijiko. Mistari iliyolala naiona vizuri. Iliyosimama inavurugika, iwe mbali au karibu. Nikilaza kichwa, jicho nalo linalala, na mstari uliosimama unaliingia kama uliolala.

Kwa hiyo vile vidole vitatu niliviona kwa sababu ya kichwa kilekile kilicholala, kilichonifanya niadhibiwe. Mwalimu alipaswa kuninyoosha shingo kwanza, ndipo aulize vingapi.