Maji ya Ufuo wa Bi Time

Siku ya mkutano wa mtaro naikumbuka kwa watu wake, mwanangu, kwa hiyo nianze nao. Alikuwepo Sheha wetu, serikali ya hapa kwetu, aliyemuoa binti wa mdogo wangu. Alikuwepo Hamadi, mtoto wa kaka yangu marehemu Faki, ambaye kiwanja chake na changu vimegusana. Alikuwepo Saada, mjukuu wa Riziki aliyekuwa jirani yetu zamani. Huyu katoka Makangale karudi kujenga kwenye kiwanja cha bibi yake, hapa hapa Wambaa, nyumba ya matofali ambayo hata lipu haijapata. Alikuwepo injinia wa barabara, msichana wa Wawi, mpole, na karatasi zake mkononi. Na mimi, niliyeitwa kwa sababu wanasema sisahau. Wengine walisimama nyuma, nao nawajua kwa majina, lakini hawakusema neno. Tulikaa uwanjani, baina ya nyumba yangu na ya Saada.

Shauri lenyewe lilikuwa hili. Barabara mpya ya lami hainywi maji. Mvua yote ya juu itateremka nayo, na lazima pawe na mtaro wa kuifikisha kwenye mikoko. Karatasi ya injinia iliupitisha mtaro kwa Hamadi, ukala baraza ya duka lake, kisha kwangu, ukala jiko. Hamadi akataka uhamishiwe upande wa pili, na upande wa pili ndio mlango wa Saada. Injinia akasema karatasi yaweza kubadilishwa, lakini kwanza aambiwe na mtu mzima mkondo wa zamani ulipita wapi.

Asubuhi ile Hamadi alikuwa ameshanipitia. "Shangazi," akasema, "wewe ndiye kitabu chao. Sema tu maji yalikuwa yakipita kule. Hakuna aliyebaki wa kukukanusha." Nikanyamaza. Na kunyamaza kwa mtu mzima, mwanangu, vijana hukuhesabu ndiyo.

Sasa ngoja nikurudishe nyuma, maana bila ya hili hutanielewa.

Nilikuwa mwari wa miaka kumi na nne hivi alipokufa bibi yangu, Bi Time, nyumba hii hii ninayokaa. Aliyemwosha ni Bi Nuru, mwanamke mrefu asiyecheka ovyo. Unajua desturi yetu: chini ya kitanda cha kuoshea huchimbwa ufuo, kishimo kirefu cha kupokea maji ya maiti, yasitapakae yakakanyagwa. Jeneza likishatoka, mtu hukaa akangoja ardhi iyanywe, ndipo akafukia. Kazi hiyo nikapewa mimi.

"Kaa hapa mpaka yaishe," akasema Bi Nuru. "Usiyaharakishe."

Ilikuwa masika, udongo umeshiba. Maji yakasimama. Chumba kilijaa karafuu maiti ya kuoshea, harufu ile kali ya baridi inayopanda mpaka machoni. Nikakaa. Halafu nikayasikia maji yakipungua kidogo, yakitulia, yakipungua tena, kama mtu anayekunywa kwa kujizuia. Sikungoja zaidi. Nikachukua jembe, nikachora kifereji chini ya mlango wa uani, maji yakatoka mbio, nikafukia ufuo, nikaenda zangu.

Bi Nuru aliporudi alitazama sakafu, akatazama uso wangu.

"Umeyapeleka wapi?"

"Nje, Bi Nuru."

"Nje wapi? Mwanangu, nje kwako ni ndani kwa mwenzio."

Akanishika mkono, tukayafuata. Uwanja wetu unateremka kwenda mikokoni, kila mtoto anajua. Maji yale hayakuteremka. Yaliukata uwanja ubavuni, yamenyooka kama uzi wa fundi, yakaishia kwenye kizingiti cha Riziki.

Bi Nuru akaniambia niende kwa Riziki kabla ya magharibi, nimweleze, nimtake radhi, tukifukie kifereji pamoja. Sikwenda. Niliona haya. Nikakifukia peke yangu, nikasema yamekwisha.

Masika ya pili kikafumuka. Nikafukia. Ya tatu vilevile. Maji yote ya mvua yalifuata mkondo wake kupitia kwetu, ila ule uzi mmoja, ambao ulikwenda kwa Riziki na harufu yake. Siku moja akaniita mlangoni, miguu imelowa, mtoto mgongoni.

"Nusa, wangu. Au nanusa peke yangu?"

Nikamwambia, "Sinusi kitu."

Akaingia ndani, akafunga mlango. Tangu hapo hakumwuliza mtu. Akaanza kujidhania akili zinamtoka, na watu, kama ujuavyo, wakamsaidia kudhania. Kabla ya mwaka kwisha alifunga virago akahamia kwa ndugu zake Makangale. Kuta zake zikaanguka. Amekufa huko, na mimi sikumwambia.

Turudi uwanjani. Jua la saa nne, kiangazi, mwezi mzima bila ya tone.

"Wewe umekuja juzi na sufuria mbili," Hamadi akamwambia Saada, "leo wazijua njia za maji?"

"Nimekuja juzi, yakhe, lakini macho nimekuja nayo. Mtaro ukija kwangu, masika ya kwanza wanangu watalala juu ya meza."

"Basi nyie," akasema Sheha. "Hapa si kiwanja cha kuchezea ng'ombe, mkapigiana kelele. Tumsikilize Bibi."

Wakanigeukia wote. Hamadi alinitazama kwa macho ya kaka yangu Faki, yale yale. Nikafungua mdomo, na sikufichi, nilikuwa nakwenda kusema "kule". Ndipo ikaja. Ile baridi puani, ikapanda mpaka machoni, katikati ya jua.

Saada akaweka ncha ya kanga puani. Akaniinamia, sauti chini. "Bibi, nusa. Au nanusa peke yangu?"

Bibi yake alikufa yeye hajazaliwa. Maneno yale hakufundishwa na mtu.

Injinia naye akanyanyua kiatu, akatazama chini. Mchangani palikuwa na ukanda mweusi wa unyevu, mwembamba, umenyooka, unatoka upande wangu unakwenda kizingitini kwa Saada.

"Hapa pana bomba limepasuka?" akauliza.

"Bomba?" akasema Sheha. "Mwanangu, bomba sisi tunalisikia redioni."

Watu wakacheka. Mimi nikasema, "Nanusa, Saada. Na bibi yako alinusa kweli." Kisha nikayasema yote, ya ufuo, ya jembe, ya "sinusi kitu", na mkondo wa zamani nikauonyesha kwa mkono: kwa Hamadi, kwangu, mpaka mikokoni.

"Shangazi, umenivua nguo," akasema Hamadi.

"Nimejivua mimi. Wewe ulisimama karibu tu."

Mtaro ukapita pale pale karatasi iliposema. Baraza ya Hamadi ikaenda, jiko langu likaenda. Mpaka leo hanisemeshi vizuri. Samaki huniletea, lakini huwaweka mlangoni akaondoka. Masika ya kwanza nilikwenda kwa Saada asubuhi, nikainama kizingitini. Pakavu. Nikanusa: saruji tu. Nikarudi kwangu, nikakaa dirishani, maji yakipita mtaroni chini yangu, na karafuu maiti imejaa chumba. Sikufunga dirisha. Ni maji ya bibi yangu, yamechukua umri wangu wote kurudi kwao.

Kwa hiyo, mwanangu, nakuusia. Maji hufuata mkondo, na kosa nalo lina mkondo wake. Ukilisukuma litoke kwako, toka nalo uone limeingia mlango wa nani. Mtu akikuuliza kama anaona peke yake, nawe unaona, mwambie naona. Neno hilo moja lingemweka Riziki nyumbani kwake. Na kwa kuwa mwosha huoshwa, siku yangu ikifika nichimbieni ufuo wa kina, na atakayeachwa kungoja asiwe na haraka. Akisikia maji yananywewa, akae. Ni mimi, namaliza.

Mola akupe nyumba kavu, na majirani wanaokutajia heri ukiwa hupo. Na kama kuna jina nimelikosea, au Riziki alihama masika ya nne na mimi nimesema ya tatu, wewe unayejua njoo unisahihishe ningali hapa. Mlango wa uani uko wazi. Vuka mtaro taratibu.