Alichosema Bibi kwa Kikara

Sista aliyenifundisha kushona anatoka Flores, kisiwa cha Indonesia. Darasa letu lilikuwa chumba kimoja nyuma ya kanisa, Igoma, Mwanza, na alipokuwa anapima kitambaa alihesabu kwa lugha ya kwao, Kingadha. Wasichana walicheka, naye siku moja akaweka futi chini akatueleza. Kwao sita ni tano na moja. Saba ni tano na mbili. Nane ni nne mbili.

"Sista, hapo unashona au unafanya mtihani?" mmoja akamwuliza.

"Nashona. Mtihani ni wako, mkono wa shati lako umegeuka nje ndani."

Akatuambia kwamba katikati ya kisiwa chao kuna lugha chache zinazopakana, mlima kwa mlima: Kingadha, Kinage, Kikeo, Kiende na nyingine. Ni ndugu. Mtu wa Kinage akizungumza, yeye anashika nusu, na nusu nyingine anaikisia kwa kumtazama usoni. Ndugu zao wa mbali wako visiwa vingi sana, mpaka Madagaska. Lakini kijana akihamia mjini anaiacha lugha yake kwa aibu, alisema, na mama yake anabaki kuzungumza na kuku.

Kisha akauliza kila mmoja kwao wanasema nini. Kisukuma, Kihaya, Kijita. Akafika kwangu.

"Kiswahili," nikasema.

"Na bibi yako?"

"Kiswahili, Sista."

Bibi yangu alikuwa Mkara. Alizaliwa kisiwa cha Ukara, akaolewa na Msukuma huku Mwanza, na mpaka uzee wake alikuwa anafagia majani ya mwembe wa jirani na kuyazika kwenye migomba yetu yawe mbolea, kwa sababu Ukara ardhi ni kidogo na jani halichomwi. Mama yangu alikuwa mtoto wake pekee. Mama alipofariki nililelewa na Bibi. Yeye alinisemesha Kikara, mimi nilimjibu kwa Kiswahili.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Nilipokuwa darasa la tatu nilianguka uwanjani nikalia kwa Kikara, nikavishwa kibao. Kilikuwa kipande cha ubao chenye kamba. Aliyesema kilugha shuleni alikivaa shingoni mpaka amkamate mwingine akisema, ndipo amvishe yeye. Wenzangu walikaa nacho saa moja, wakatega wenzao, wakakivua. Mimi sikuweza kumtega mtu. Nilikaa nacho wiki nzima. Binamu yangu, mtoto wa mjomba, kaka wa mama yangu kwa baba tu, alikuwa anapita na kugonga ubao kwa kidole kama anabisha hodi. Tangu wiki ile sikutamka tena Kikara. Bibi aliniuliza mara moja tu kwa nini, kisha akaendelea kumenya viazi.

Mwaka jana Bibi alipata kiharusi. Mkono wa kulia ulilala, na Kiswahili chake chote kikaondoka. Kikabaki Kikara. Wajomba, watoto wa babu kwa mke wa kwanza, walikuwa wanakuja kutoka Nyakato kumwona. Walimsalimia shikamoo mama, naye akajibu kwa Kikara, wakatikisa kichwa wakidhani akili imekwenda. Haikuwa imekwenda. Mama mmoja muuza dagaa, jirani yetu Mjita, alikuwa anakaa naye akicheka anayosema, maana Kijita na Kikara vinakaribiana kama zile lugha za Sista.

Jioni ndiyo alizungumza na mimi. Nilikuwa namlisha uji, naye alirudia jambo moja kila siku, taratibu, kama mtu anayemtuma mtoto dukani. Nirudishwe Ukara. Nilazwe kwa baba yangu, kwenye lile shamba lenye ukuta wa mawe, pembeni ya mama yangu. Waambie wajomba zako. Mimi nilijibu kwa Kiswahili, "Sawa, Bibi."

Alifariki siku ya Jumanne asubuhi. Mchana wajomba walikaa kikao uani, wanaume kwenye viti, sisi chini kwenye mkeka. Mjomba mkubwa alisema mke hulala pembeni ya mume wake, na babu yupo hapa hapa nyuma ya nyumba. Hakusema kwa ubaya. Kisha akauliza kama kuna mtu aliyemsikia marehemu akiacha neno.

Yule mama Mjita akasema, "Mimi nilikuwa namsikia, lakini mambo ya kwenu alimwambia mjukuu wake. Mwulizeni huyu."

Wote wakanigeukia. Nikaona watanitaka niseme alivyosema, kwa maneno yake mwenyewe, mbele ya viti vyote vile.

"Huyu?" binamu akasema. "Huyu Kikara chake tulikiacha kwenye kibao."

Watu wawili watatu wakacheka kidogo, kicheko cha msibani.

"Mwanangu, alisema nini?" mjomba akauliza.

"Sikuwa namwelewa," nikasema.

Yule mama Mjita alinitazama muda mrefu. Kesho yake Bibi alizikwa nyuma ya nyumba, miguuni pa babu, pembeni ya mke wa kwanza ambaye hawakuwahi kupatana naye.

Nilirudi darasani baada ya wiki mbili. Wenzangu walipotoka kwenda kunywa chai nilibaki, na Sista akavuta kiti. Nikamwambia kwamba nilimdanganya kuhusu Bibi, na kwamba nimewadanganya na wajomba. Alisikiliza huku ameshika futi.

"Alisema nini? Sema kama alivyosema."

Nikasema. Nilisema yote kwa Kikara, shamba, ukuta wa mawe, baba yake na mama yake, na ulimi haukukwama popote. Maneno yote yalikuwepo. Nilikuwa sijayatamka tangu darasa la tatu, na aliyeyasikia ni mtu wa Flores ambaye hakushika hata moja.

Sista alikunja futi. Nilidhani ataniambia Mungu amesikia, kwa kuwa ni sista.

"Umesema vizuri, nafikiri," akasema. "Lakini mimi siye niliyetakiwa kuambiwa."

Bado sijawaambia. Kila Jumamosi wajomba wanakuja kusafisha kaburi. Wanafagia majani, wanayakusanya pale pale pembeni yake, wanayachoma.