Nyumba Niliyomjengea Naserian

Jamani, hapa Karatu kuna watu mpaka leo wakiniona barabarani wananyoosha mkono mmoja mbele, halafu wanauvutavuta kama umenasa mahali, wanacheka hadi machozi, na mimi nacheka nao, maana nitasema nini, walikuwepo, waliona kwa macho yao. Basi ngojeni niwasimulie mwenyewe kabla waongeza chumvi hawajawafikia.

Mimi ni dereva wa utalii, kazi yangu kuwashusha wageni kreta, lile bonde la wanyama, na kuwapandisha. Binti yangu Naserian alikaa na mama yangu kule kijijini Olbalbal tangu mdogo, mwaka huu tukamleta mjini aingie darasa la nne. Huko darasani ikawa tabu. Akifungua mdomo, Kiswahili chake kina Kimaasai ndani, wenzake wanacheka, basi akaacha kuufungua kabisa. Akamwambia mama yake, wakinicheka tena narudi kwa koko (ndivyo tunavyomwita bibi), na mtoto yule akisema anarudi ujue anarudi, hata kwa miguu. Iliniuma vibaya sana.

Wakati huo huo mwalimu akatoa kazi ya nyumbani: kila mtoto atengeneze mfano wa nyumba ya asili ya kwao, auweke mbele siku ya wazazi na aueleze. Nikarudi kutoka kazini nikamkuta Naserian uani amechuchumaa, ana vijiti vyake na kopo la mavi ya ng'ombe, na kanyumba kenyewe kamelala upande kama kanasinzia. Nikawaza, wakikaona haka, mtoto amekwisha. Ndipo nikasema, "Niachie mimi."

"Baba, lakini mwalimu amesema tufanye wenyewe..."

"Mwalimu nitaongea naye. Kalete waya."

Mama Naserian akaniuliza kutoka jikoni, "Wewe umejenga nyumba lini?"

Lilikuwa swali zuri tu. Kwetu nyumba hujenga mwanamke, kuanzia kukata fito mpaka kukandika, mwanaume kazi yake ni kuingia na kulala. Lakini mimi kila siku nawaeleza wageni habari za maboma (tena kwa Kiingereza!), nishindwe na kanyumba ka kukaa kwenye sinia? Nikakabomoa ka mtoto, nikasimamisha kuta zilizonyooka, fito nikazifunga kwa waya, nikakandika mavi ya ng'ombe mazito yasiyokauka upesi, mlango nikauweka katikati, madirisha kila upande, na juu nikaezeka nyasi mbichi kama zile nyumba za loji wanazolala watalii. Nikapiga picha nikawarushia madereva wenzangu. Naserian alikuwa amekaa juu ya ndoo ananiangalia tu, na mimi (mjinga) nikadhani anashangaa uzuri.

Siku ya wazazi ikafika, na mama yangu naye akaja kutoka Olbalbal kumwona mjukuu wake. Tukapangwa kwenye mabenchi pale uwanjani. Zamu ya Naserian, akasimama nyuma ya nyumba yangu, mwalimu akamwuliza kwa upole, "Haya Naserian, tuambie, ulianzaje kujenga?" Akaangalia viatu vyake. Watoto wakaanza kunong'onezana, mmoja akachekea kiganjani, na mimi nikaona kabisa mtoto wangu anarudi kwa koko.

"Ulianza na fito!" nikapaza sauti kutoka benchi la nyuma.

"Baba Naserian, tunamwuliza mtoto," mwalimu akasema.

Mtu mwenye akili angekaa. Mimi nikaenda mbele, nikaanza hotuba yangu ya wageni, karibuni sana, hii ni nyumba ya wafugaji, na huku ndani kabisa ndiko kwenye moto, na ili niwaonyeshe huko kwenye moto nikaingiza mkono mlangoni. Kuingia uliingia vizuri. Kutoka ukagoma, saa yangu imenasa kwenye waya. Nikavuta, nyumba nzima ikaja na mkono, sinia likaanguka kwa kishindo, na mimi nikabaki mbele ya kadamnasi nimevaa nyumba hadi kwenye kiwiko.

Mama yangu hana haja ya kipaza sauti. "Hiyo nyumba gani? Madirisha yote hayo, watu walale na upepo? Na ndama atalala wapi? Nani amejenga?"

"Mimi, yeyo," nikamjibu mama yangu, maana ningemdanganyaje.

Wee! Wanawake wa kwetu waliokuwepo walicheka mpaka wakaegemeana, mwanaume amejenga, njooni mwone! Na mbuzi wa jirani wa shule, ambaye huzurura pale uwanjani kama mkaguzi, akaziona zile nyasi mbichi, akaja kula paa likiwa mkononi mwangu. Nikirudi nyuma ananifuata, nikiinua mkono anasimama kwa miguu ya nyuma.

Katikati ya zogo lile nikasikia kicheko ambacho nilikuwa sijakisikia tangu tumlete mjini. Naserian! "Baba, tulia! Usivute!" alisema kwa sauti kubwa, mbele ya shule nzima. Akamfukuza mbuzi, akalegeza waya kwa vidole, akanitoa. Halafu hakurudi kukaa. Akaokota fito, akazichomeka ardhini, akazikunja, akasema, "Baba alikosea hapa. Koko anaanza hivi," na akaendelea hivyo hivyo, kwa Kiswahili chake kile kile chenye Kimaasai ndani, akaeleza mlango unaokata kona ili upepo usiufikie moto, na mtoto mmoja akanyoosha mkono kuuliza moshi unatokea wapi, akamjibu. Hakuna aliyemcheka. Vicheko vyote nilikuwa nimevimaliza mimi.

Nikarudi kwenye benchi, nikaapa pale pale, nikiwa nimechafuka kwa mavi ya ng'ombe hadi kwenye shati la sikukuu, kwamba kazi ya mtoto nitakaa karibu yake, nitamwuliza anafikiri nini, akikosea nitauma ulimi wangu, lakini kumnyang'anya fito sirudii tena.

Jioni tukamsindikiza mama stendi, Naserian amembebea mfuko. Nilikuwa natembea nyuma yao na hofu yangu, sijui huyu mtoto ameamua nini. Mama akapanda gari, akasogea kidogo kwenye kiti, akapiga-piga ile nafasi iliyobaki. "Twende nyumbani?"

Naserian akampa mfuko wake. "Koko, siwezi. Kesho kuna shule."

Jamani, nilifurahi mpaka nikasahau kwamba nilikuwa bado nanuka.