Seva ya Chumba cha Nyuma

Siku yangu ya kwanza kazini, katikati ya miaka ya themanini, nilivaa tai ya kuazima na kukaa mbele ya mashine ya teleksi katika ofisi moja ya kahawa mjini Moshi. Teleksi ilikuwa kama taipureta iliyofungwa kwenye waya wa simu: unachopiga huku kinachapwa papo hapo Dar es Salaam au Ulaya. Mkuu wa Masijala aliniambia, "Kijana, hapa zinapita siri za watu. Mdomo uache nyumbani." Nikauacha, na kazi ikanipenda.

Soko huria lilipoingia, wanunuzi binafsi wakapanda mlimani na magari yao, ofisi yetu ikanywea, na sisi wa teleksi tukapunguzwa. Nilirudi kihambani, shamba letu la ukoo, kupalilia migomba, huku nikijifunza kompyuta jioni kwa mtawa mmoja wa parokiani. Ndipo nikaajiriwa na kampuni ndogo ya pembejeo. Mkurugenzi alikuwa mama niliyemzidi umri kwa mbali, lakini ofisini nilimwita Mama, naye akaniita Mzee Tarimo.

Kampuni ilikuwa na duka kuu mjini, na matawi Himo, Kibosho na Mabogini. Kila siku mkulima angeambiwa Kibosho kwamba dawa ya kutu ya majani imekwisha, kumbe Himo imejaa stoo. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili Mkurugenzi akataka mtandao wa ndani, yaani kurasa zinazosomwa na wafanyakazi wetu tu: nini kipo wapi, matangazo, na zaidi ya yote maelekezo ya Bwana Shamba wetu. Mzee yule alikuwa amezunguka vihamba vya mlima huu maisha yake yote. Alijua ugonjwa wa chulebuni unashambulia kahawa ya wapi kwanza, na mpunga wa Mabogini unataka mbolea lini. Nilikaa naye miezi mingi, yeye akisema, mimi nikipiga.

Swali likawa kurasa hizo zikae wapi. Njia moja ni kununua seva, kompyuta inayozihudumia nyingine, mkaiweka ofisini, matawi yakaipigia kwa modemu kwenye laini ya simu. Nyingine ni kukodi nafasi kwenye seva za kampuni ya Dar es Salaam na kuifikia kwa intaneti. Siku hizi mnaiita wingu. Ya kukodi ina ada isiyokwisha, na masika laini zikilowa unabaki unatazama kioo kitupu. Ya kwenu inataka umeme tulivu, fundi wa karibu na mlinzi.

"Wewe ungechagua ipi?" Mkurugenzi aliniuliza kikaoni.

"Ya kwetu, Mama. Kitu chako kikae unapokiona."

"Na mwizi?"

"Chumba cha nyuma kina nondo. Na wanaoingia mle ni watu wetu."

Aliikubali hoja yangu, nami nikampendekeza mwanangu Prosper avute nyaya. Alikuwa ametoka chuo cha ufundi, mikono yake mizuri, kazi hana. Alivuta nyaya zikanyooka kama mistari ya daftari. Mkurugenzi alimsifu mbele ya watu wote, na siku hiyo nilitembea Moshi nzima kifua mbele.

Mtandao ulitutumikia vizuri zaidi ya mwaka. Kisha Jumatatu moja tukakuta chumba cha nyuma kitupu. Nondo zilikuwa nzima, kufuli nzima. Seva ilikuwa imeondoka, na diski za nakala tulizoziweka kwenye droo chini yake zimeondoka nayo.

Siku chache baadaye askari alikuja, akasimama kaunta, wateja wamejaa. Mashine imepatikana kwa muuza vifaa Majengo, alisema, imekwishafutwa. Kisha akauliza kwa sauti ya kawaida tu, "Prosper Tarimo ni nani yenu?"

Wenzangu wote walitazama chini kwa kunionea huruma, na huruma ile ndiyo iliyoniunguza.

"Ni mwanangu," nilisema.

Alikuwa amechonga ufunguo wakati wa kuvuta nyaya. Mbele ya hakimu hakujitetea. Alipofungwa nilikwenda kumwona, nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Baba, kila mtu alinisifu, kisha hakuna aliyeniita tena kazini." Niliondoka bila kumpa mkono.

Nilimpelekea Mkurugenzi barua ya kuacha kazi. Hakuifungua.

"Mzee Tarimo, mashine nitanunua. Maneno ya Bwana Shamba yanauzwa duka gani? Nenda kamwombe aanze upya."

Ningetamani anifukuze. Bwana Shamba alikuwa amestaafu, macho yamefifia, anaishi Kibosho juu. Nilipanda nikiwa na maneno ya kuomba radhi tayari, lakini nilipofika mlangoni nilivua kofia, nikasalimia tu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ndiyo wewe? Nilisikia." Akakohoa. "Mke wangu, mletee bakuli la mtori. Tulianza na chulebuni au na kutu?"

Alisimulia yote tena, na mengine ambayo mara ya kwanza aliyasahau. Hakumtaja mwanangu hata mara moja. Kila nilipoandika nilihisi aibu mgongoni kama jua la saa saba.

Safari hii kurasa tuliziweka Dar es Salaam. Masika laini zilikatika, tukazoea. Vijana wenye biashara ndogo huniuliza ipi bora, nami huwaeleza ada, umeme, laini na nakala ya kuweka mbali na jengo. Hayo nayajua. La mtu gani wa kumwamini, karibu au mbali, naliruka.

Nilipostaafu, wenzangu walifanya karamu ya kuniaga nyumbani kwangu. Prosper alikuwa amekwishatoka gerezani, anaishi kwa dada yake, na sikumwalika. Watu walipokaa kula, nilimwona akitoka jikoni na birika na beseni, akinawisha wageni mmoja mmoja. Alipofika kwa Mkurugenzi, watu wakageuka kutazama. Mama yule alikunja mikono ya gauni, akanyoosha viganja, akanawa taratibu kama anayenawishwa na mtu yeyote.

"Ahsante, Prosper," alisema. "Hujambo?"

Kisha akaja kwangu. Nilinyoosha mikono, maji ya uvuguvugu yakapita katikati ya vidole vyangu. Nilitaka kuinua uso nimtazame mwanangu, kama alivyofanya mwanamke asiye ndugu yake. Nikatazama beseni mpaka akapita.